Peugeot 504 na Subaru Impreza WRX STI katika mlima wa Lushoto

Injini ya Peugeot 504 ya mwaka 1972 niliyoazimwa ina sentimita za ujazo 1971, na ile ya Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004, iliyoagizwa kutoka Japani, ina 1994. Tofauti hiyo haijazi hata kikombe cha kahawa, lakini injini ya kwanza, yenye kabureta, haifikishi nguvu za farasi 100, ilhali ya pili, yenye tabochaja, hutoa 280. Nilizipima zote mbili katika njia moja: kilomita zipatazo 33 za lami nyembamba na kona kali kutoka Mombo hadi Lushoto, kisha barabara ya udongo iliyo juu ya mji.

Kwenye lami Subaru haina mpinzani. Magurudumu yote manne huvuta, kona hukatwa bila mkia kuteleza, na breki zake za Brembo hazikulegea hata baada ya mteremko mrefu wa kurudi Soni. Pijo, ambayo husukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, ilinitaka nirudi gia ya pili mapema, kwa mkono uliopachikwa kwenye shina la usukani, na kuivumilia mpaka kilima kiishe.

Udongo uligeuza mambo. Springi za Pijo ni ndefu na laini, na kila gurudumu la nyuma hujitegemea, kwa hiyo mifereji iliyochimbwa na mvua ilipita chini yetu kama mawimbi madogo chini ya jahazi. Mama mkubwa, aliyeketi nyuma, alisinzia. Katika kipande hichohicho Subaru, kwa springi zake ngumu na tairi zenye ubavu mfupi, ilinilazimu kwenda mwendo wa mtu anayetembea, na bado bampa ya mbele ilikwaruza mara mbili. Ni kweli kwamba Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiwa na Richard Burns, lakini magari yale yaliinuliwa na kuundwa kwa ajili ya mashindano. Ushindi wa Ove Andersson katika mashindano hayohayo mwaka 1975, akiwa na 504, unakaribiana zaidi na gari ambalo mtu wa kawaida angeweza kulinunua.

Kwa matengenezo, fundi hubadilisha slivu za Pijo, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, bila kuchonga bloku, na kabureta husafishwa kando ya njia. Taabu ni taa na mabati ya bodi: mwenye gari alisubiri miezi mitatu kupata taa moja ya mbele. Vipuri vya Subaru ni rahisi kupatikana, ila injini yake ilikusudiwa petroli ya oktani 100, ambayo ni adimu katika vituo vyetu, na mkanda wake wa taimingi, unaolinganisha mwendo wa vali na pistoni, ukikatika huweza kuiharibu injini nzima.

Kwa anayeishi kwenye lami, ningemshauri anunue STI ambayo haijachezewa na inayokuja na ushahidi wa lini mkanda ulibadilishwa. Mimi, ambaye kwetu ni huko juu ya mji, natafuta Pijo, na kitu cha kwanza nitakachofanya ni kuinua zulia na kukagua kutu sakafuni.