Brooks au Raymond: Uanze na Nani?
Wanafunzi wa kompyuta hapa Mombasa hawaishi kubishana waanze na maandishi yapi kuhusu utengenezaji wa programu za kompyuta: The Mythical Man-Month cha Fred Brooks (1975) au The Cathedral and the Bazaar ya Eric Raymond (1997)?

Kwa bei, Raymond. Insha yake inasomwa bure mtandaoni. Kwa uimara wa hoja, mimi niko na Brooks. Aliongoza mradi wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM, akaona kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi: watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana, watu 10 wana 45. Hesabu hiyo haijachakaa, ingawa mashine zake zimezeeka. Dai la Raymond kwamba kwenye programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, macho yakiwa mengi kosa halijifichi lilitikiswa na Heartbleed, kosa la usalama katika programu huria ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, lililokaa miaka 2 bila kuonekana.

Una timu na bosi anayedai tarehe? Soma Brooks. Lakini ukiwa Kisauni unachangia programu huria na watu usiowajua, Raymond atakufaa upesi zaidi.