Lushoto hadi Mtae kwa miguu: njia nzuri, ila angalia risiti

Matembezi ya Lushoto hadi Mtae, Usambara Magharibi, kwa kawaida huuzwa kama safari ya siku tatu. Siku ya kwanza unapita msitu wa Magamba hadi Lukozi, ya pili unafika Rangwi, ya tatu unamalizia Mtae, ukingoni kabisa mwa milima, nyika ya Mkomazi ikiwa chini yako. Kila siku ni saa tano hadi saba za kutembea. Njia yenyewe haina lawama. Huduma ndiyo inayopishana, na inategemea umemlipa nani.

Tofauti huanzia mezani, kabla hujafunga kamba za viatu. Mwongozaji makini hukuandikia mchanganuo: ujira wake, kiingilio cha hifadhi ya Magamba, malazi, chakula, mchango wa kijiji, nauli ya kurudi. Kiingilio ni cha serikali na hulipwa kwa namba ya malipo, kwa hiyo omba kuona risiti kabla ya kuingia msituni. Mchango wa kijiji nao upokelewe na ofisi ya mtendaji, kwa risiti vilevile. Ukiambiwa "hiyo tutawapa wenyewe huko huko", hesabu kwamba haitafika. Vishoka wa stendi huweza kushusha bei kwa sababu hukata hivyo viwili: mchango unayeyuka, na msitu unazungukwa kwa nje. Hapo utakuwa umelipia kuona mbega, ukaishia kuona kabichi.

Kwenye malazi, alama ya juu inakwenda kwa nyumba ya wageni ya masista wa Rangwi. Ni pasafi, pametulia, na unacholipa kinabaki palepale. Lukozi ni mji wa biashara ya mboga. Gesti zake ni za kawaida na usitegemee ukimya, lakini mama ntilie na mwenye gesti ni watu wa hapo hapo. Kundi linalobeba vyakula vyote kutoka mjini huwaachia wenyeji vumbi tu. Afadhali mwongozaji apige simu siku moja kabla, aseme mko wangapi na nani hali nyama, ili mpishi anunue mahitaji kwa majirani. Asipotaarifiwa mapema, mtakula saa nne usiku, na kosa halitakuwa lake.

Maji ya kuoga huchemshwa kwa kuni. Ndoo moja kwa mtu inatosha, hata Juni hadi Agosti ambapo baridi ya usiku inauma kweli.

Maji ya kunywa yanahitaji uangalifu zaidi. Bonde la Lukozi hulimwa mboga kwa wingi na dawa hupigwa sana, na vidonge vya klorini huua vijidudu tu, haviondoi dawa ya kilimo. Usichote kwenye kijito kilicho chini ya mashamba. Jaza maji yaliyochemshwa pale mlipolala, lita mbili hadi tatu kwa mtu, na ulipie kuni zilizotumika.

Udongo ni mwekundu na huteleza vibaya masika, Machi hadi Mei. Raba za soli laini zitakuangusha kwenye miteremko. Mizigo mikubwa apewe kijana wa kijijini, kwa ujira uliokubaliwa mbele yake. Siyo mwongozaji akate kwanza halafu ampe kinachobaki. Kilo 15 ni za kutosha kwa njia hii, na begi lipimwe kabla ya kuondoka, maana mkiwa mlimani kila mtu huona lake ni jepesi.

Pipi kwa watoto, hapana. Zinawafundisha kukimbilia wageni saa za masomo. Mwenye nia ya kusaidia shule aonane na mwalimu mkuu. Taulo za maji (wipes) na betri rudi nazo mjini, kwani choo cha shimo hakimezi vitu hivyo.

Kasoro kubwa iko mwisho wa safari. Mabasi ya Mtae kwenda Lushoto huondoka alfajiri mno, kabla hakujapambazuka, na waongozaji wengi hulitaja hilo usiku wa mwisho ili uone huna njia ila kukodi gari lao. Ulizeni saa ya basi siku ya kwanza, mlale Mtae, na malipo ya gesti yamalizwe jioni.