Mbegu mseto za nyasi kwenye shimo la moramu: tathmini baada ya misimu miwili ya mvua

Ekari mbili za shamba letu karibu na Kibwezi, Kaunti ya Makueni, zilichimbwa moramu ya barabara hadi pakabaki changarawe na udongo mgumu usionyonya maji. Nilitaka eneo hilo lirudi kuwa malisho ya ng'ombe, nikapanda mbegu mseto za aina mbili, kila moja katika ekari yake.

Mseto wa kwanza, kutoka duka la pembejeo, ulijaa Boma Rhodes. Nyasi hizo ni bora kwa hei, yaani nyasi za kukaushia mifugo akiba, penye mvua ya kutosha na udongo wenye rutuba, lakini kwetu ziliota vizuri Novemba, kisha zikakauka kabla ya mvua za masika. Muuzaji hakuniuliza napanda wapi, na hilo naliona kosa zito kuliko bei.

Mseto wa pili niliununua kwa kikundi cha wakulima, shilingi 1,000 kwa kilo. Una nyasi tatu za kienyeji, ambazo kwa Kikamba huitwa nguu, mbeetwa na ndata kivumbu, na ubora wake umo katika tofauti za tabia zao: nguu huota upesi na kuushika udongo kabla haujasombwa, mbeetwa hupendwa sana na ng'ombe, nayo ndata kivumbu, ijapokuwa huchelewa, huteremsha mizizi chini na kustahimili kiangazi na kuliwa na mifugo. Mbegu ya ndata kivumbu iliyovunwa karibuni hulala bila kuota kwa miezi kadhaa, kwa hiyo mnunuzi aulize ilivunwa lini. Niliyouziwa ilikuwa ya mwaka uliotangulia, na ikaota.

Dosari ya mseto huu ni makapi mengi, tena gunia halikuandikwa uwiano wa kila aina. Inafaa kuhesabu mbegu 100, kuziweka kwenye kitambaa chenye unyevu na kuona ngapi zitaota, kabla ya kuamua kiasi cha kupanda.

Ekari zote mbili zilirudishiwa udongo wa juu uliokuwa umerundikwa kando, zikatiwa samadi na kuchimbiwa makinga maji ya nusu duara. Bila kazi hiyo nadhani hata nguu isingeshika. Mbegu zilifunikwa kwa udongo mwepesi tu, na ng'ombe walizuiliwa hadi nyasi zilipodondosha mbegu. Oktoba hii, kabla ya vuli, ekari ya Boma Rhodes nitaipanda upya kwa mseto wa kikundi.