Kadi za mwaliko wa harusi: ninavyozipanga kutoka ya kwanza hadi ya mwisho

Kwenye harusi za Dar es Salaam kadi ya mwaliko hubeba mzigo mkubwa. Mtu alishapewa kadi ya mchango miezi kadhaa nyuma, akaahidi, akalipa kidogo kidogo kwa simu hadi akamaliza, na mweka hazina akamtia alama kwenye daftari. Sasa anasubiri kadi yenye jina lake. Ikimfikia, anajua kamati imemtambua. Siku ya sherehe ataionyesha mlangoni, na maneno "mtu mmoja" au "watu wawili" yaliyo pembeni ndiyo yataamua kama anaingia na mwenzake. Kwa hiyo unanunua kitu kitakachoandikwa kwa kalamu, kikapelekwa na bodaboda, kikakaa mkobani wiki mbili, kisha kikasomwa getini usiku kwenye mwanga hafifu. Kadi nzuri ni ile iliyo nzuri baada ya kupita hayo yote, na kwa kipimo hicho nimezipanga hizi.

Kabla hujauliza bei ya kadi yoyote, kaa na kamati mpate idadi. Wageni 300 hawahitaji kadi 300. Ikiwa jozi ni 100 na wengine 100 wanakuja peke yao, kadi ni 200. Ongeza ishirini za akiba, kwa sababu lazima kuna jina litakaloandikwa vibaya na kuna mjomba atakayemaliza mchango wake siku ya mwisho. Kamati nyingi hazipigi hesabu hii ndogo, na fedha ambayo ingeongeza viti au chakula inaishia kwenye boksi la kadi zisizo na majina.

Kisha chagua bahasha, halafu ndipo uchague kadi. Wengi hufanya kinyume: wanapenda kadi ya mraba waliyoiona kwenye simu, wanaichapisha, halafu wanazunguka Kariakoo nzima kutafuta bahasha ya mraba hadi wanaishia kumlipa mtu azikunje moja moja. Bahasha zinazopatikana kirahisi ni C5, inayopokea kadi ya A5 (nusu ya karatasi ya kawaida ya A4) ikiwa bapa, C6, inayopokea A5 iliyokunjwa katikati, na ile ndefu ya DL ya barua za ofisini. Ukianzia hapo, kila kitu kinachofuata kinakuwa rahisi.

Ukubwa pia ndio unaoamua gharama kuliko rangi. Mashine nyingi za kuchapa kidijitali hutumia karatasi ya SRA3, yaani milimita 320 kwa 450. Karatasi moja hutoa kadi nne bapa za A5, kwa hiyo kadi 200 ni karatasi 50. Ukitaka kadi inayofunguka kama kitabu, ambayo ikifungwa ni A5, karatasi moja inatoa mbili tu, na hesabu inapanda hadi karatasi 100. Kadi nyembamba ya milimita 99 kwa 210, inayoingia kwenye bahasha ya DL, hutoka sita kwa karatasi: kadi 200 kwa karatasi 34. Ile ya mraba wa sentimita 15 hutoka nne tu, kwa sababu ya tano na ya sita hukosa nafasi ya kukatia. Ipunguze iwe sentimita 14 na utapata sita. Sentimita moja, na mgeni hataiona kamwe.

Nafasi ya kwanza: kadi bapa ya karatasi nene isiyong'aa, iliyomaliziwa kwa mkono

Hii ndiyo ninayompendekezea karibu kila mtu. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Kwa kadi omba ya gramu 300, na omba isiyopakwa kitu cha kung'arisha. Kuna za rangi ya maziwa, kuna zenye mikwaruzo midogo inayohisika kwa kidole. Sababu yangu ya kuzipenda ni kalamu. Kwenye kadi zetu kuna ule mstari wa nukta unaojazwa jina: Bw. na Bibi fulani, Dkt. fulani, Mama fulani. Karatasi inayong'aa sana, na zaidi ile iliyofunikwa plastiki, haipokei wino vizuri. Mwandishi anamaliza jina, anaiweka juu ya nyingine, na herufi zote zinahamia mgongoni mwa kadi ya pili. Karatasi isiyong'aa inanywa wino na kutulia. Nenda dukani na kalamu utakayotumia, omba kipande cha karatasi, andika jina, subiri kidogo, pitisha kidole. Jaribio hilo lina faida kuliko maelezo yote ya muuzaji.

Kadi bapa haina mkunjo, na hilo ni jambo jema. Karatasi nene iliyochapwa kwa mashine ya leza hupasuka rangi pale inapokunjwa, na weupe unatokeza kama ufa katikati ya picha. Ukilazimika kuwa na mkunjo, mwambie fundi apige kwanza mstari wa mkunjo kwa mashine, na usiweke rangi nzito hapo.

Uzuri wake unatoka kwenye mikono. Utepe wa satini uliofungwa kiunoni mwa kadi, kipande chembamba cha kitenge cha sare ya familia kilichobandikwa kwenye mdomo wa bahasha, jina la mgeni limeandikwa na mwenye mwandiko mzuri kwenye ukoo. Kila familia ina shangazi au binti mwenye mwandiko huo. Mpe heshima hiyo rasmi, mpe meza, kalamu na jioni kadhaa. Kuhusu gundi, epuka gundi ya moto ya bastola kwa vitu vidogo vidogo. Kwenye buti la gari lililoegeshwa juani huweza kulegea, na shanga zinafika zimehamia kadi ya jirani. Gamu ya karatasi au utepe wenye gundi pande mbili hushika vizuri.

Kuhusu uchapaji, kwa kadi 200 hesabu mara nyingi huangukia dijitali. Ofseti, yaani uchapaji wa mabamba, inahitaji bamba kwa kila rangi na maandalizi ya mashine, na gharama hiyo ni ileile uchapishe 100 au 2,000. Zaidi ya hapo, dijitali inakuruhusu kurudi wiki ya mwisho kuongeza kumi.

Nafasi ya pili: karatasi iliyotengenezwa kwa mkono

Kama sherehe ni ndogo, ningeiweka hii ya kwanza bila kusita. Iringa kuna Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako mafundi ni watu wenye ulemavu. Kazi ilianza na vijana viziwi watatu wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Msomaji asikunje pua. Tembo hali nyama, na sehemu kubwa ya majani na magome anayokula hutoka bila kumeng'enywa, ikiwa nyuzi tupu. Nyuzi hizo huoshwa, huchemshwa kwa muda mrefu, hupondwa na kuchanganywa na karatasi chakavu, kisha huchotwa majini kwa chekeche la fremu, hukamuliwa na kuanikwa. Kinachobaki hakina harufu. Ni karatasi yenye nyuzi zinazoonekana na kingo zisizonyooka, na ukiishika unajua kuna mtu aliyeifanya.

Katika jamii hii naweka pia kadi za magamba makavu ya mgomba, ambayo mafundi huyakata na kuyapanga kwa rangi zake za asili, kahawia iliyokolea hadi ya asali, kuchora ngoma, mashua au mama na mtoto. Kwa miaka mingi tumeziacha ziwe zawadi za watalii. Nashangaa, kwa sababu kwa familia ya Kagera au Kilimanjaro, ambako mgomba ndio chakula na ndio kivuli cha nyumba, sioni pambo linalostahili zaidi kuwa juu ya kadi ya harusi.

Mipaka yake uijue mapema. Karatasi yenye nyuzi nene haipiti vizuri kwenye mashine ya leza, hukwama au kuchapa kwa madoa. Chapa kwa skrini, yaani kwa kupitisha wino kwenye kitambaa cha fremu, au chapa maneno kwenye karatasi laini kisha uibandike juu yake. Rangi haitalingana kadi hadi kadi. Na fundi wa mkono anahitaji muda: peleka oda miezi miwili kabla, lipa advansi, na usimbane bei. Ukishindwa kumudu kwa wageni wote, nunua thelathini kwa wazazi, wasimamizi, wazee wa pande zote mbili na viongozi wa dini, wengine wapate za nafasi ya kwanza.

Nafasi ya tatu: kadi ya simu

Ninaiweka hapa kwa heshima, kwa kuwa ndugu aliye Muscat au Minneapolis hana njia nyingine ya kuipata mapema. Kwa wafanyakazi wenzako na marafiki wa chuo inatosha kabisa. Itume kwenye WhatsApp kama faili, maana ikienda kama picha hubanwa na maandishi madogo hufifia. Kama ina msimbo wa kuskani mlangoni, muulize mtoa huduma mambo mawili: je, msimbo ukishatumika mara moja unakataa kurudiwa, na je, orodha inafunguka mtandao ukikatika? Mtu anaweza kupiga picha ya kioo cha simu na kuwatumia watu watano. Wazee wenye kitochi uwatumie ujumbe mfupi wenye namba yao ya kadi. Ila bibi aliyemlea bwana harusi apelekewe karatasi, mkononi, na mtu wa familia.

Nafasi ya nne: kadi zilizotobolewa kwa leza

Zinavutia sana dukani, zile zenye maua yaliyotobolewa kama nakshi za mlango wa Zanzibar. Tatizo ni safari. Vitobo vyembamba hunaswa na kona ya bahasha, na kadi inafika na petali limekatika. Karatasi yake nyingi ni ya kumeta kama lulu, ambayo haipendi wino wa kalamu, hivyo maandishi huwekwa kwenye karatasi ya ndani. Ukiipenda, chagua mchoro wenye mistari minene, na hakikisha ndani kuna karatasi isiyong'aa ya kuandikia jina. Dar yenye unyevu hupinda karatasi nyembamba, kwa hiyo zitunze zikiwa zimelazwa chini ya kitu kizito mpaka siku ya kuzigawa.

Nafasi ya tano ni kadi zilizokwisha tengenezwa, zile unazonunua tupu kwa pakiti na kuchapiwa maneno palepale. Ni mkombozi wa aliyebakiwa na siku tatu. Kagua kila pakiti, maana rangi hutofautiana, na nunua zote siku moja; ukirudi wiki ijayo huenda mzigo umekwisha.

Za mwisho ni kadi za boksi, za gombo na za plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Mgeni hawezi kuingiza boksi mkobani, na anayesambaza anahitaji gari mahali ambapo bodaboda moja ingetosha. Fedha yake ipelekwe kwenye chakula.

Maneno yenyewe

Chochote utakachochagua, chapa sampuli moja halisi, mpe mtu ambaye hajawahi kuiona, aisome kwa sauti. Majina ya wazazi na vyeo vyao viwe kama wenyewe wanavyoyaandika. Ugomvi wa herufi moja kwenye jina la ukoo hukaa miaka. Siku iandikwe pamoja na tarehe, Jumamosi tarehe 12, ili kosa la moja lifichuliwe na jingine. Saa iandikwe kwa Kiswahili na neno la wakati: saa 12 jioni. Kadi ya 6:00 PM iliyochanganywa na saa za Kiswahili imewakosesha watu ndoa. Eneo la ukumbi liwe na alama wanayoijua madereva.

Kuna jambo la maandiko. Waislamu wengi hupenda aya ya 21 ya Surat Ar-Rum, na Wakristo Mithali 18:22. Kadi nyingi huishia jalalani, kwa hiyo familia zenye kujali huandika tu jina la sura na namba ya aya, bila maneno yenyewe. Naliunga mkono kwa moyo wote. Anayetaka kusoma ataifungua nyumbani.

Mkibakiwa na karatasi, zipelekeni kazini. Gramu 300 isiyong'aa iliyokatwa A6 ni kadi bora ya shukrani kwa waliochanga, na ofisi inayotuma kadi ya asante iliyoandikwa kwa mkono inakumbukwa na wateja wake. Kwa meza ya kazi ningenunua vitu viwili tu vya pambo: daftari lililovikwa jalada la kitenge na kushonwa uzi, kwa sababu linafunguka likalala bapa, na kalenda ya meza yenye nafasi ya kuandika. Daftari la kubandikwa gundi pekee liache, kurasa zake huanza kuchomoka kabla hujafika katikati.

Muda: karatasi ya mkono miezi miwili kabla, kadi nyingine mwezi mmoja na nusu, majina yaanze kuandikwa wiki nne kabla, na kila kadi iwe imemfikia mwenyewe wiki mbili kabla ya siku. Omba risiti ya advansi yenye aina ya karatasi, uzito wake, ukubwa na tarehe ya kuchukua, kisha itunze pamoja na ile sampuli uliyoikubali, ili siku ya kuchukua mzigo uzilinganishe mbele ya fundi.