Kitabu cha mchezo wa kuigiza mezani: nunua kile ambacho picha zake zinaonekana usiku

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa naendesha mchezo, yaani nasimulia kisa huku wachezaji wanne waliokaa mbele yangu kila mmoja akiigiza mhusika wake. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na katikati ya meza tuliweka taa moja ya kuchaji. Katika kisa, kikosi cha wahusika wao kilikuwa kimefika mlangoni mwa hekalu. Nikafungua kitabu kipya nilichokingoja wiki tano, nikakigeuza na kukinyanyua ili waone kinachowasubiri ndani. Kimya. Kisha binamu yangu akauliza, "Dada, hilo ni pango au ndilo zimwi lenyewe?" Wengine wakainama kuangalia. Hakuna aliyeona kitu. Ukurasa mzima ulikuwa mweusi uliochanganyika na kahawia, kama masizi ya sufuria, na katikati kulikuwa na doa la buluu. Siku naagiza, kwenye simu yangu doa lile lilikuwa mwali unaowaka kiganjani mwa mchawi.

Tangu nilipolisimulia hili wengi wameniuliza: sasa ninunue kipi? Kuhusu kanuni, unene wa kitabu na uimara wa jalada wamekwisha kuandika wengine. Mimi nitasema jambo moja ambalo sijaona mtu akilisema, nalo ndilo linaloharibu jioni ya watu: giza la picha.

Kwanza tuelewane kazi ya picha hizi. Mnunuzi anazitazama peke yake dukani au kwenye simu, lakini kazi yake hasa ni kuonyeshwa. Mwendesha mchezo anasema "mnakiona hiki" na kunyanyua kitabu. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: nyoosha mkono, na mtu wa ng'ambo ya meza ataje anachokiona kabla hujahesabu tatu. Akisita, picha hiyo imeshindwa kazi yake, hata kama mchoraji wake ni bingwa.

Sababu ya giza inajulikana. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, ilhali karatasi inarudisha tu mwanga unaoiangukia. Mchoraji anayefanya kazi kwenye kompyuta huweka vivuli vingi vya giza, na kwake vyote vinaonekana kwa sababu vinamulikwa kutoka nyuma. Vikishushwa kwenye wino vinaungana. Karatasi isiyo na mng'ao ndiyo mbaya zaidi, maana inakunywa wino, vitone vinatanuka, na kilichokuwa kivuli kinageuka shimo. Vitabu vinavyochapwa nakala mojamoja kwa oda vinaumia kuliko vyote, kwa kuwa hakuna anayesimama kwenye mashine kuikagua nakala ya kwanza na kusema punguza wino hapa.

Mchoro wa mistari ya wino hauna shida hii. Monster Manual ya mwaka 1977, kitabu cha viumbe cha mchezo wa Dungeons & Dragons (D&D), ilikuwa nyeusi na nyeupe ndani, na wachoraji wake, akina David Trampier na David Sutherland, walichora wakijua kazi itapita kwenye wino mmoja tu. Zimwi likasimama peke yake kwenye karatasi nyeupe, ukingo wake umekatwa wazi kama kivuli ukutani. Miaka karibu hamsini baadaye bado linaonekana kwa mshumaa.

Sasa nisifiche: mimi ni mpenzi wa Free League, kampuni ya Uswidi inayochapisha michezo hii, na nafasi mbili za juu kwenye orodha yangu ni zake.

Ya kwanza ni Dragonbane, boksi lao la 2023, lililotokana na mchezo wa Kiswidi wa mwaka 1982, Drakar och Demoner. Picha nyingi ni za Johan Egerkrans, na ndizo zilizonithibitishia kwamba rangi si adui. Anazungushia kila kiumbe mstari wa wino, ndipo anatia rangi kidogo juu yake, na nyuma anaacha karatasi ipumue. Nilimshika mpwa wangu wa miaka tisa, asiyejua Kiingereza cha kusoma kanuni, nikamnyanyulia ukurasa wa watu-bata kutoka mlangoni mwa chumba. Akajibu papo hapo: "Bata mwenye hasira." Ndani ya boksi mna pia viumbe vya kadibodi vya kusimamisha mezani, vyenye michoro ileile, kwa hiyo mchezaji anayekigusa kiumbe anakiona kile alichoonyeshwa kitabuni. Na kuna visa 11 vya kuanzia, havihitaji ununue kitabu kingine. Hapo ndipo pesa yangu ingekwenda tangu mwanzo.

Ya pili ni Forbidden Lands, ya 2018. Humu walirudisha michoro ya wino ya Nils Gulliksson, mchoraji aliyekuwa akichorea michezo ya Kiswidi tangu miaka ya themanini. Misitu, magofu, watu wachovu wenye mizigo mgongoni. Ana namna ya kuchora jani kwa mikwaruzo mitatu na ukasikia baridi. Vitabu vyenyewe ni vidogo na majalada yake yanafanana na ngozi, hivyo picha nyingine ni ndogo kuliko ningependa, lakini hata hizo ndogo hazifichi kitu.

Nafasi ya tatu nampa mwandishi Gavin Norman na Old-School Essentials yake ya 2019. Imepanga upya kanuni za D&D za mwaka 1981, na kila jambo limepangwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Michoro ya ndani ni ya mistari, ya mikono mingi tofauti, mingine mizuri sana na mingine ya kawaida tu. Kasoro ni kwamba takwimu za zimwi ziko jirani na picha yake, ukinyanyua kitabu umetoa siri. Mimi nimekata dirisha kwenye kadi ngumu ya manila. Naiweka juu ya ukurasa, picha inabaki peke yake.

Mörk Borg, ya 2020, najua ina wapenzi wake na wataniandikia. Njano yake inakupiga usoni, na mchoraji wake, Johan Nohr, amefanya kila ukurasa uwe bango. Lakini maandishi na picha vimesukana kama mkeka, hakuna cha kutenganisha na kumwonyesha mtu. Isome peke yako.

Na Dungeons & Dragons yenyewe? Kama lazima, tafuta Monster Manual ya 2014, ambamo viumbe wengi wamesimama peke yao kwenye ukurasa mwepesi. Zile picha kubwa za ufunguzi wa sura, zenye mapango na majumba ya usiku, ndizo zinazofeli chini ya taa ya kuchaji. Bei ya jalada ya kitabu kimoja Marekani ni karibu dola 50, na mchezo kamili unataka vitatu.

Asiye na pesa: kanuni za msingi za Old-School Essentials zinapatikana bure kwa PDF, chapisha nyeusi na nyeupe steshenari.

Kinachoniuma zaidi ni wauzaji. Karibu wote wanaweka tangazo lenye picha iliyotolewa kwenye faili la mchapishaji, si picha ya kitabu chenyewe kikiwa mezani. Ni sawa na kuuza kitenge kwa kuonyesha mchoro wa kitenge. Hawasemi kama nakala ni ya mashine kubwa au ya oda, na aina ya karatasi hawaitaji kabisa. Juu yake kuna wakala wa mizigo anayehesabu ukubwa wa boksi badala ya uzito, hivyo kitabu cha kilo moja na nusu nikalipia kilo tatu. Kwangu kilifika kwa karibu laki mbili.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe muuzaji apige picha kwa simu ya ukurasa wenye giza kuliko zote, ndani ya chumba, bila kuwasha mwanga wa kamera. Mwenye kitabu mkononi ataifanya kwa dakika moja. Wangu nimemwomba mara tatu baada ya tukio lile. Amejibu mara moja tu, na alichonitumia ni ile picha ya mwali wa buluu niliyoiona siku ya kuagiza.