Manning au Leaf? Drafti ya NFL 1998
Watu wanasahau kwamba kabla ya drafti ya 1998 (pale timu za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, zinapochagua kwa zamu wachezaji wapya toka vyuoni) huu mjadala wa nani achukuliwe kwanza ulikuwa mgumu kweli, Peyton Manning wa chuo cha Tennessee na Ryan Leaf wa chuo cha Washington State, wote makwotabeki, yaani wale warusha pasi wanaoongoza mashambulizi, na kuna maskauti (wasaka vipaji) walikuwa wanamtaka Leaf bila hata kupepesa macho. Na ukicheki ule mkono wake unaelewa, jamaa anafyatua mpira kama kombeo, mwili jumba, halafu kaipeleka timu yake Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, mara ya kwanza baada ya miaka 67.

Manning mkono wa kawaida tu, ila kichwa sasa! Akiona beki kasogea hatua moja anabadilisha mpango palepale kwenye mstari kabla mpira haujaanza, na babake Archie naye alicheza nafasi hiyohiyo NFL kwa hiyo kakulia humohumo. Kule Combine, majaribio ya wachezaji kabla ya drafti, Leaf hakutokea kwenye kikao na Colts, timu iliyokuwa na zamu ya kwanza kuchagua, mi hapo tu ningeshafunga faili.

Basi Manning namba 1 kwa Colts, Leaf namba 2 kwa timu ya Chargers. Msimu wa kwanza pasi 28 za Manning zilidakwa na wapinzani lakini hakutetereka, akaja kubeba MVP (tuzo ya mchezaji bora wa msimu) 5 na Super Bowl, fainali ya ligi, 2. Leaf msimu huohuo pasi zake zilizaa tachidauni (mabao) 2 tu, pasi 15 zikadakwa, na 2001 ndo ikawa mwisho wake uwanjani.