Kupanga wachezaji msimu ukiisha: kura za mashabiki au takwimu?

Ligi inapokuwa mapumzikoni, mashabiki hurudia ubishi uleule: wachezaji wa timu wapangwe kwa ubora, wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kura au kwa takwimu? Kwa wepesi, kura inashinda, kwani kila mmoja huandika orodha yake, nafasi zikajumlishwa na wastani ukapatikana. Kwa uhakika, mambo hubadilika. Kura huelemea wafungaji na mechi za mwisho, ilhali beki anayeziba njia ya pasi kabla mpira haujapigwa huonekana na wachache, ingawa hao wachache, wanaotazama mechi nzima, ndio wanaomtendea haki kuliko jedwali lolote. Takwimu nazo zinadai uangalifu: mshambuliaji mwenye mabao 15 katika dakika 2,700 ana wastani wa bao 0.5 kwa kila dakika 90, na wa akiba mwenye mabao 5 katika dakika 600 ana 0.75, lakini mimi nisingemtanguliza huyu wa pili kwa dakika chache hivyo. Mkitaka kujua nani alipendwa, pigeni kura. Mkijadili nani auzwe au aongezewe mkataba, anzeni na dakika na mabao, na kipa, ambaye kazi yake si kufunga, mpimeni peke yake.